Waya Ndani ya Usukani: Istilahi za Ufundi wa Baiskeli na Wajibu wa Kiswahili Sanifu

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu istilahi za Kiswahili imezoea kuanzia maabara, mahakama na kompyuta. Ni nadra kuanzia chini ya mwembe, penye kibanda cha fundi baiskeli. Hata hivyo, hapo ndipo lugha ya ufundi inapotumika kila siku, na hapo ndipo kosa la neno linapoweza kugeuka kuwa kosa la chuma. Mhadhara huu unachukua jambo moja la ufundi huo, yaani kupenyeza nyaya za breki na za gia ndani ya bomba la usukani wa baiskeli, na kulitumia kama kipimo cha namna Kiswahili kinavyopaswa kuunda na kufasili istilahi zake.

Mahali panapotazamwa ni Chuno, kata mojawapo ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kusini mwa pwani ya Tanzania. Uteuzi huu una sababu mbili. Kwanza, Mtwara ni mji wa baiskeli na wa chombo cha baharini kwa pamoja. Upande mmoja iko Mikindani, bandari kongwe ya majahazi. Ng'ambo ya ghuba iko Msangamkuu, ambako wavuvi na wasafiri huvuka maji kila siku. Pili, hewa ya mji huo ni ya chumvi, na chumvi haina huruma na waya wa chuma. Kwa hiyo, suala la waya uliofichwa ndani ya bomba si la watu wa mashindano ya Ulaya peke yao. Baiskeli za mtumba zinazoshushwa katika bandari za Afrika Mashariki huja na miundo ya kila aina, na fundi wa mtaani hana budi kuitengeneza ile iliyoletwa mbele yake.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba waya unapoingia ndani ya usukani, jicho la fundi hupoteza sehemu ya kazi yake, na kazi hiyo huangukia neno. Neno lisilotofautisha vitu viwili vinavyofanana kwa nje huwa si upungufu wa kamusi tu, bali ni hatari kwa mwenye baiskeli. Ili kuionyesha hoja hiyo, inafaa kwanza kuitazama breki ambayo haikuhitaji neno jingi.

2.0 Breki inayoonekana

Kwa miongo mingi, baiskeli iliyotawala katika Afrika Mashariki ilikuwa ile nyeusi ya chuma kizito, ya mtindo wa Raleigh ya Uingereza, na baadaye Phoenix ya Shanghai. Breki zake hazikuwa na waya. Mkono wa breki uliungana na fimbo nyembamba za chuma zilizofuata usukani, zikashuka mbele ya fremu, na kuvuta juu vipande viwili vya mpira vilivyobana upande wa ndani wa rimu. Kila kiungo kilikuwa wazi. Breki ikilegea, fundi aliinama, akafuata fimbo kwa jicho na kidole mpaka kwenye nati iliyolegea, akaikaza kwa spana.

Muundo huo ulikuwa na athari katika lugha. Fundi na mwanafunzi wake hawakuhitaji majina mengi, kwa kuwa kidole kilitosha. "Kaza hapa", "legeza pale", "vuta hii" yalikuwa maelezo kamili, kwa sababu hapa, pale na hii vilionekana na wote wawili. Wanaisimu huviita vionyeshi. Vionyeshi hufanya kazi vizuri pale tu ambapo msemaji na msikilizaji wanaona kitu kimoja. Kitu kikifichwa, kionyeshi hubaki bila cha kuonyesha.

Hii ndiyo sababu mojawapo ya kutokuwapo kwa msamiati mpana wa sehemu za breki katika kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, ziliandaliwa katika jamii ambayo breki, gia, waya na tairi yalikuwa yamekwishakuwa maneno ya kila mtu. Maneno hayo yanatosha kwa mpanda baiskeli. Fundi anahitaji zaidi ya hayo.

3.0 Waya na ala yake

Mwaka 1896 mvumbuzi Ernest Monnington Bowden alipata hataza nchini Uingereza kwa kifaa ambacho hadi leo hujulikana kwa jina lake. Kifaa hicho ni waya unaonyumbulika, uliovishwa ganda gumu linalonyumbulika pia. Waya wa ndani ukivutwa, ganda la nje husukumwa. Waya hupokea mvutano. Ganda hupokea mkandamizo. Iwapo ganda litafupika kwa kukandamizwa, nguvu ya mkono hupotea humo humo, wala haifiki kwenye gurudumu.

Katika maelezo hayo kuna jambo ambalo mtu asiye fundi hulipuuza kwa urahisi. Mtu wa kawaida hudhani kwamba ganda la nje ni nguo tu ya kuukinga waya dhidi ya mvua na vumbi. La hasha. Ganda hilo ni nusu ya mtambo. Waya wa breki bila ganda linalostahimili mkandamizo ni uzi mtupu.

Je, ganda hilo liitwe nani kwa Kiswahili? Neno ganda lenyewe lina kasoro, kwa maana huleta picha ya kitu cha kubanduliwa na kutupwa, mfano ganda la ndizi au la korosho. Neno kava, ambalo wasemaji wengi hulitumia kwa kila kifuniko, lina kasoro hiyo hiyo: hutaja kufunika, wala halitaji kustahimili. Kiswahili kina neno ala, yaani kifuko kigumu cha kisu, jambia au upanga. Ala hufuata umbo la kilichomo, hukiruhusu kiingie na kutoka, na hubaki imara chenyewe kikivutwa. Uhusiano wa upanga na ala yake unakaribia sana uhusiano wa waya na ganda lake. Ni kweli kwamba ala ina maana nyingine pia, ya chombo cha kazi au cha muziki. Lakini utata huo huondoka mara tu neno linapofuatwa na kijalizo: ala ya waya haiwezi kueleweka kuwa zumari.

4.0 Ala mbili, jina moja

Tatizo zito linaanzia hapa. Katika baiskeli yenye gia kuna ala za aina mbili, na kwa nje zinafanana sana. Zote ni mirija mirefu, mara nyingi myeusi, iliyofunikwa kwa plastiki. Ala ya breki kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 5, na waya wake ni wa milimita 1.5 au 1.6. Ala ya gia kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 4, na waya wake ni wa milimita 1.1 au 1.2. Tofauti ya milimita moja haishtui jicho, hasa pale ala ilipokatwa na kuning'inizwa ukutani pamoja na nyingine.

Tofauti ya msingi imo ndani. Ala ya breki imejengwa kwa utepe wa chuma uliosokotwa kuzunguka njia ya waya, mfano wa springi iliyobanwa. Msokoto huo unastahimili nguvu kubwa ya mkono unaofunga breki kwa ghafla. Ala ya gia, tangu gia za kuhama kwa hatua zilizopimwa zilipoenea katika miaka ya 1980, imejengwa kwa nyuzi nyingi za chuma zilizolazwa sambamba na waya. Nyuzi hizo hazifupiki kirahisi, na gia za aina hiyo hazivumilii kufupika: katika mfumo wa Shimano wa ngazi 8 kila hatua huvuta takribani milimita 2.8 tu za waya. Ala ikifupika kwa milimita moja, mnyororo haukai mahali pake.

Lakini nyuzi zilizolazwa sambamba hushikiliwa na plastiki peke yake. Zikitiwa kwenye breki, na mpandaji akafunga breki kwa nguvu zake zote, plastiki huweza kupasuka na nyuzi zikachomoka kando. Hapo breki hupotea mara moja, na hupotea wakati ule ule inapohitajika kuliko wakati wote. Zipo ala maalumu zenye nyuzi sambamba zilizoimarishwa kwa ajili ya breki, lakini hizo hutengenezwa na kuuzwa kwa kazi hiyo.

Sasa yafikiriwe mazungumzo ya kawaida ya kibandani. "Mwanangu, nikatie kava ya waya, shibiri tatu." "Kava ipi, fundi?" "Hiyo hiyo iliyoning'inia." Kijana anakata, kwa adabu na kwa haraka, kwa kuwa hakuambiwa neno la kumfanya asite. Ikiwa ala itafungwa kwa nje ya usukani, huenda fundi akagundua kosa kwa kuitazama baadaye, au mwenye baiskeli akaona plastiki inavimba. Ikiwa itapenyezwa ndani ya usukani, hakuna atakayeiona tena. Kosa litakuwa limezikwa pamoja na ushahidi wake.

Kwa mantiki hiyo, Kiswahili sanifu kinahitaji istilahi mbili, na wala si moja: ala ya breki na ala ya gia. Majina haya yanataja kazi. Yangeweza pia kutungwa majina ya kutaja umbo, kama vile ala ya msokoto na ala ya nyuzi sambamba. Majina ya umbo humwezesha fundi kuhakiki ncha iliyokatwa, lakini humlazimu kukumbuka kila mara ni umbo lipi ni la kazi ipi, na mtengenezaji akibadili umbo kesho, jina litakuwa la uongo. Njia iliyo salama ni istilahi itaje kazi, na fasili itaje umbo. Fasili ya kamusi inaweza kusema: ala ya breki ni ganda la nje la waya wa breki, lenye utepe wa chuma uliosokotwa, la kustahimili mkandamizo; ala ya gia ni ganda la nje la waya wa gia, lenye nyuzi za chuma zilizolazwa sambamba, lisilotumika kwenye breki. Maneno matatu ya mwisho si pambo. Ni sehemu ya maana.

5.0 Kitenzi na utaratibu wa kazi

Baada ya nomino, inafaa kukitazama kitenzi. Kuuingiza waya na ala yake kwenye tundu la usukani, kuufuatisha kona za bomba, na kuutoa karibu na shingo ya baiskeli kunahitaji kitenzi kimoja. Kitenzi pitisha ni kipana mno: gari hupitishwa, hoja hupitishwa bungeni, na mwaka hupitishwa kwa shida. Kitenzi tunga kinavutia, kwa sababu hutumika kwa shanga na uzi, lakini msisitizo wake uko kwenye vitu vinavyokusanywa juu ya uzi, wala si kwenye njia nyembamba. Kitenzi penyeza kinastahili zaidi. Kimetokana na penya kwa kunyambuliwa kwa kiambishi cha usababishi, na huhifadhi ndani yake wazo la mahali pembamba pasipopitika kirahisi. Methali isemayo "Penye udhia, penyeza rupia" inalitegemea wazo hilo hilo.

Kwa kitenzi hicho utaratibu mzima unaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kuazima. Kabla ya kuuchomoa waya mkongwe, fundi huufunga kwenye ncha yake uzi imara, kisha huuvuta waya ili uzi ubaki ndani ya bomba ukiwa kiongozi. Ikiwa usukani ni mtupu, uzi mwepesi hupenyezwa kwa kufyonzwa hewa upande wa pili, au waya mwembamba hutangulizwa na kunaswa kwa spoku iliyokunjwa mfano wa ndoana. Waya wa chuma cha kawaida huweza pia kuongozwa kwa sumaku kutoka nje, endapo usukani ni wa aluminiamu. Ala hukatwa wima, ncha yake husawazishwa kwa tupa, na tundu lake hufunguliwa kwa msumari mwembamba, kisha huvishwa kofia ya chuma ili ikae sawasawa kwenye kikomo chake. Hatimaye usukani hugeuzwa kulia na kushoto mpaka mwisho, ili kuhakikisha kwamba ala haikuwa fupi kiasi cha kuivuta breki yenyewe wakati baiskeli inapokata kona.

Mambo mawili yanahitaji kusisitizwa. La kwanza ni kwamba matundu ya kupenyeza hutobolewa na kiwanda, kwenye usukani uliobuniwa kwa ajili hiyo. Usukani usio na matundu hautobolewi kibandani, kwa kuwa aluminiamu iliyotobolewa huanza ufa kwenye ukingo wa tundu na huweza kukatika bila onyo. La pili ni kona. Kila kona ya ala huongeza msuguano, na kinachohesabika hasa ni jumla ya kona zote. Ikichukuliwa kwamba kizigeu cha msuguano ni 0.1, waya uliozunguka jumla ya nyuzi 180 hupoteza takribani asilimia 27 ya nguvu ya mkono, na uliozunguka nyuzi 360 hupoteza takribani asilimia 47. Upenyezaji wa ndani huongeza kona ambazo hazionekani. Ongezeko hilo likichanganyika na kutu ya pwani, breki huwa nzito hata kama mpira wake ni mpya. Ndiyo maana waya wa chuma kisichoshika kutu una thamani zaidi Chuno kuliko mji ulio mbali na bahari.

Katika aya hizo mbili za utaratibu, maneno ya mkopo ni machache na yamezoeleka. Lugha haikukwama. Kilichohitajika ni mpangilio na uteuzi.

6.0 Kulia, kushoto na gurudumu

Hatari ya pili ya waya uliofichwa inahusu upande. Katika nchi zenye desturi ya Kiingereza ya kuendesha upande wa kushoto, na Tanzania ikiwamo, mkono wa breki wa kulia kwa kawaida hushika gurudumu la mbele. Katika nchi nyingi za bara la Ulaya na Marekani, breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Baiskeli ya mtumba husafiri na desturi ya ilikotoka. Breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma, na mtu akiifunga ghafla akidhani ni ya nyuma, huweza kurushwa mbele ya usukani.

Pale nyaya zinapokuwa nje, mnunuzi au fundi hufuatilia waya kwa jicho kutoka mkononi hadi gurudumuni. Zinapokuwa ndani, nyaya zote huzama karibu na vishikio na kuibuka pamoja shingoni. Kwa hiyo maelezo kama "rekebisha breki ya kulia" hayana maana moja. Fundi mmoja atamaanisha mkono, mwingine atamaanisha gurudumu ambalo mkono huo ulishika katika baiskeli aliyoizoea.

Mabaharia wa Kiswahili walikabili tatizo la namna hii zamani. Katika jahazi upande haukutajwa kwa kulia na kushoto pekee. Ulitajwa pia kwa upepo: upande wa goshini ni ule unaopigwa na upepo, na upande wa demani ni ule ulio mkabala wake. Majina hayo yametokana na sehemu za tanga zenyewe, na hubadilisha mahali kila chombo kinapogeuza tanga, kwa sababu kazi ya upande nayo hubadilika. Nahodha akitaja demani, baharia hasiti, hata kama sasa demani iko mkono wa kuume na jana ilikuwa mkono wa kushoto. Jina hufuata kazi.

Funzo lake kwa fundi wa baiskeli ni la moja kwa moja. Waya uitwe kwa gurudumu au kifaa unachokivuta: waya wa breki ya mbele, waya wa breki ya nyuma, waya wa gia ya nyuma. Mkono utajwe baadaye, na utajwe kwa kuhakikishwa, yaani kwa kufunga breki na kutazama gurudumu lipi limeshikwa. Vitabu vya mafunzo vikifuata utaratibu huo, mwanafunzi atajifunza desturi ya kuhakiki pamoja na jina.

7.0 Usukani na kana

Bahari ina funzo jingine, nalo limo katika neno usukani lenyewe. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza katika Kiswahili ni ubao uliofungwa nyuma ya chombo, ndani ya maji, ili kukielekeza. Mkono wa mti ambao mshika usukani huukamata una jina lake: kana. Kana iko juu, inaonekana. Usukani uko chini ya maji, hauonekani.

Kwa kufuata maana hizo, bomba ambalo mpanda baiskeli hulishika kwa mikono miwili lingepaswa kuitwa kana, na gurudumu la mbele, ambalo ndilo hukata njia, lingekuwa usukani. Wasemaji hawakufanya hivyo. Walilihamisha neno usukani kutoka majini hadi mkononi, kwenye gari na kwenye baiskeli, na kana likabaki kwa wanamaji. Hakuna sababu ya kuyarudisha maneno hayo nyuma. Matumizi yaliyokwisha kuota mizizi ndiyo lugha, na mwanaistilahi anayeshindana nayo hupoteza wakati wake.

Hata hivyo, tukio hilo linafundisha. Wasemaji wa Kiswahili walikuwa na majina mawili kwa mtambo mmoja, moja la sehemu inayoshikwa na jingine la sehemu iliyofichika inayofanya kazi. Waliona haja ya kutofautisha, wakatofautisha. Jahazi lilikuwa pia na jarari, kamba inayopita kwenye gofia ili kupandisha foromali na tanga lake, na kamba hiyo haikuchanganywa na demani, kamba ya kulishika tanga upande wa chini. Lugha iliyozipa kamba za chombo majina yake moja moja, kwa sababu kosa la kamba lilikuwa kosa la roho za watu, haiwezi kusemwa kuwa haina uwezo wa kutofautisha ala mbili za baiskeli.

8.0 Pingamizi na majibu yake

Zipo hoja za kupinga mtazamo huu, na zinastahili kujibiwa kwa uadilifu.

Pingamizi la kwanza linasema kwamba fundi anaelewa maneno ya mkopo anayoyatumia, na kwamba kumletea ala ni kumtwisha mzigo. Jibu ni kwamba ugeni wa neno si tatizo. Breki na gia ni mikopo, na hazina madhara yoyote. Tatizo ni neno moja, liwe la kigeni au la wenyeji, kubeba vitu viwili ambavyo kuvichanganya kunaumiza. Fundi anayesema kava ya breki na kava ya gia, na kuzitenga kweli kweli, amekwisha kutimiza sharti kuu la mhadhara huu. Ala inapendekezwa kwa kamusi na vitabu. Haipelekwi kibandani kama amri.

Pingamizi la pili linasema kwamba teknolojia hii inapita. Shimano ilileta gia za umeme za Dura-Ace Di2 mwaka 2009, na SRAM ilitangaza gia zisizo na waya mwaka 2015. Breki za mafuta nazo zinachukua nafasi ya waya. Ni kweli, na katika Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika Afrika, watazamaji walishuhudia baiskeli ambazo kwa nje hazikuonyesha karibu waya wowote. Lakini vifaa vinavyoachwa na matajiri ndivyo vinavyoanza maisha ya pili kwa wengine. Baiskeli ya waya iliyouzwa Ulaya miaka kumi iliyopita inaweza kuwa ndiyo inayofika kwa fundi leo. Isitoshe, mrija wa mafuta ya breki nao hupenyezwa, nao hufichwa, nao huhitaji jina la kazi yake.

Pingamizi la tatu, ambalo ndilo zito zaidi, linasema kwamba ufundi hufundishwa kwa vitendo, wala si kwa maneno. Kwa breki ya fimbo, pingamizi hili lilikuwa sahihi. Kwa waya uliofichwa, kitendo chenyewe hakionekani. Mwanafunzi anaweza kutazama mikono ya fundi kwa mwezi mzima asione kilichomo ndani ya bomba. Lazima aambiwe.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeingiza mkondo wa amali katika elimu ya sekondari nchini Tanzania. Vijana waliosoma shule za msingi za serikali kwa Kiswahili wanajifunza ufundi katika ngazi ambayo lugha yake rasmi ya kufundishia ni Kiingereza, kisha wanakwenda kuutumia ufundi huo mtaani kwa Kiswahili. Asiyepata jina la Kiswahili la kitu alichojifunza atarudi kwenye kidole na kionyeshi, na kidole hakiingii ndani ya bomba.

9.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba upenyezaji wa nyaya ndani ya usukani hubadilisha mgawanyo wa kazi kati ya jicho na neno. Umependekeza istilahi chache: ala ya breki na ala ya gia kwa maganda mawili yasiyobadilishana, kupenyeza kwa tendo lenyewe, kofia kwa kifuniko cha ncha ya ala, na majina ya nyaya yanayofuata gurudumu au kifaa badala ya mkono. Umependekeza pia kanuni moja kwa waandishi wa kamusi za ufundi, kwamba istilahi itaje kazi na fasili itaje umbo, na kwamba pale ambapo kuchanganya vitu viwili kunaleta madhara, onyo liwe ndani ya fasili.

Kazi iliyobaki ni ya wanafunzi wa Kiswahili. Inapasa waende vibandani, Chuno na kwingineko, wakasikilize mafundi wanavyovitofautisha vitu hivi, na wayaandike maneno yao kabla ya kuyatungia mengine. Huenda wakakuta kwamba mahali fulani ala mbili zina majina mawili tayari, mazuri kuliko yaliyopendekezwa hapa. Ikiwa hivyo, kamusi na ifuate kibanda.

Fundi makini haikabidhi baiskeli kwa mwenyewe kabla hajakamata mikono yote miwili ya breki, akaibana kwa nguvu zake zote, na kuisukuma baiskeli mbele aone kama magurudumu yamekubali kushika. Istilahi nayo ijaribiwe hivyo: apewe kijana asiyekuwapo ilipotungwa, aambiwe akate ala ya breki shibiri tatu, na itazamwe ameshika ipi.